Fundi Kiganja Anaweka Mashine Chini

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wetu Kiganja anatimiza miaka ishirini na saba ya kung'arisha magari ya wapenda magari nyuma ya nyumba ya Mzee, mwenye uani huu, na siku hiyo hiyo anastaafu. Wasifu huu nimepewa mimi niuandike kwa sababu ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, na pia kwa sababu hakuna mwingine hapa uani anayejua kusimulia. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, lakini mdomo niliondoka nao. Wanaoniita Mjomba, yaani ninyi nyote, mnalijua hilo.

Wengine mmekuwa mkiuliza pembeni kwa nini anaondoka sasa, wakati mgongo umenyooka na ndoo mbili zilizojaa bado anazibeba kwa pamoja. Amenipa ruhusa niseme, na nitasema. Ila tuanzie mbali kidogo.

Zamani hapa hapakuwa na kazi yoyote. Palikuwa na Mzee na gari lake la rangi ya maziwa, ambalo alilipenda kiasi kwamba gari likinyeshewa, anayepiga chafya ni yeye. Kila Jumamosi aliliosha mwenyewe kwa mpira wa maji, akalifuta kwa fulana kuukuu. Kiganja wakati huo alikuwa akipaka rangi milango ya nyumba ya jirani. Akachungulia juu ya ukuta, akavumilia Jumamosi ya kwanza, akavumilia ya pili, ya tatu ikamshinda.

"Mzee, samahani, hiyo fulana inakwaruza."

"Kama unajua sana, ruka ukuta uje ufute wewe."

Akaruka. Ile milango ya jirani, nasikia, mpaka leo inasubiri mkono wa pili wa rangi.

Marafiki wa Mzee wenye ugonjwa huo huo wa magari wakaanza kuleta ya kwao, ndipo nami nikaitwa kusaidia kuosha. Ah, uani wa siku zile! Banda la mabati lilivuja mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa juu ya boneti kabisa. Redio ilikaa dirishani, imefungwa waya badala ya antena. Harufu ya nta ilituganda mwilini hata kwenye basi watu walitusogelea. Vitambaa laini vya kufutia tulivianika kambani vikiwa vyeupe pee, safu kwa safu, mpaka wageni wakawa wanampongeza mama mwenye nyumba kwa kujifungua mapacha.

Kiganja alikuja na sheria zake. Gari huoshwa kivulini, kuanzia paa kushuka chini. Ndoo ni mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili uchafu ulioutoa usiurudishe. Vumbi kavu halifutwi, hata kama mwenye gari analia. Na hakuna anayesogelea rangi akiwa na saa, funguo mfukoni wala mkanda wenye chuma. Sheria hiyo haikuchagua mtu. Kigogo mmoja mwenye tumbo lake alikuja kukagua gari lake, akaambiwa avue mkanda. Alikagua gari zima, mbele mpaka nyuma, suruali akiwa ameishika kwa mikono miwili. Wapambe wake walitazama angani. Aliporudi mara ya pili alikuja na suruali ya mpira.

Jina la Kiganja, kwa wageni wa hapa, lilitokana na nailoni. Gari likishaoshwa na kukauka, alivaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, akapitisha kiganja juu ya rangi taratibu, macho amefumba. Ndani ya nailoni mkono unasikia zaidi. Kichembe cha vumbi la breki kilichojibana kwenye rangi, ambacho jicho halikioni, unakisikia kama punje ya mchanga. Anakitoa kwa ule udongo laini wa kusafishia, ndipo mashine ya polishi inawashwa. Ukipitisha mashine juu ya mchanga, unaichora rangi mwenyewe. Huyu bwana aliwahi kupitisha kiganja kwenye buti akasema gari linalala karibu na kiwanda cha saruji, na mwenyewe akakubali. Siku nyingine alisikia unywele wa paka akataja na rangi ya paka. Nilikuwepo.

Na matokeo mliyaona. Gari jekundu la rubani lilimeta mpaka kunguru akajiona mlangoni, akaanza kupigana na mwenzake, akashindwa. Jirani yule yule wa milango amenyolea ndevu kwenye boneti za magari yetu miaka nenda rudi. Kikombe cha maonyesho ya magari ya zamani tulikichukua mara nyingi, na kimoja ndicho tunacholowekea brashi. Ilipokuja ile dawa mpya ya chupa ndogo, inayoweka tabaka gumu kama kioo juu ya rangi, Kiganja aliinusa, akakunja uso, akasema hii ni ya kupaka kucha. Akaijaribu kwanza kwenye ndoo. Baada ya mwezi ile ndoo ilikuwa inakataa maji ya mvua kwa nje, na yeye akawa ndiye mwalimu wa dawa hiyo kwa mji mzima.

Sasa nije kwenye mkono.

Mashine ya polishi inatetema. Ukiishika miaka yote hii, mtetemo unahamia kwenye vidole na kupanga humo. Mvua za mwaka huu zilipoanza, Dada wa Nta, ambaye hupaka nta ya mwisho na haachi kitu kipite, aliniita pembeni.

"Mjomba, weka mkono hapa."

Nikaweka. Mchanga. Na gari lilikuwa limeshapita mikononi mwa Kiganja.

"Labda vumbi limetua sasa hivi," nikasema.

"Mjomba, usinifanye mtoto."

Hatukumwambia mtu. Kuanzia hapo Kiganja akishaondoka jioni, mimi na Dada tulivaa nailoni, tukapita tena alipopita, tukatoa punje zilizobaki. Hatukutaka mteja aje amwambie. Niseme ukweli, hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa umakini kama ile ya kuficha.

Jioni moja akarudi kuchukua miwani. Akatukuta tumeinamia boneti, taa mkononi, nailoni mkononi. Mimi nikawahi.

"Tunatafuta sisimizi, kaka. Kapanda hapa."

Akatutazama mmoja mmoja. "Huyo sisimizi mnamtafuta tangu lini?"

Nikainamia boneti tena, kama vile sisimizi yupo kweli. Dada wa Nta akajibu kwa sauti ndogo. "Tangu mvua zilipoanza, kaka."

Kiganja akavaa nailoni, akapitisha mkono pale pale tulipokuwa. "Mimi hapa nasikia kioo. Wewe unasikia nini?"

"Mchanga."

Akarudia. Akafumba macho, akarudia tena. Kisha akavua mfuko, akaukunja vizuri, akatushukuru, akachukua miwani yake akaenda. Laiti angetutukana.

Hospitali walimwambia mishipa ya vidole imechoshwa na mtetemo. Akiipumzisha, huenda hisia zikarudi. Akiendelea na mashine, zitaondoka moja kwa moja. Akaenda kwa Mzee akachagua tarehe mwenyewe. Ila aliomba gari moja la mwisho, alimalize yeye, bila mtu kupita nyuma yake.

Bahati ikamletea gari jeusi la mteja wetu mmoja, sonara. Wenye kazi mnanielewa. Rangi nyeusi haifichi kitu, na sonara hukagua kwa ile lenzi yake ya kutazamia vito. Mashine Kiganja hakuigusa. Alisema atafanya kwa mkono, kwa pedi na polishi. Lakini nani angemsikilizia mchanga? Sisi alikuwa ametukataza.

Asubuhi akaja na Shemeji, mkewe.

Shemeji ni fundi cherehani, vidole vyake vinatofautisha hariri na hariri ya uongo gizani. Miaka yote hii hajawahi kukanyaga uani hapa, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Alivua bangili na pini bila kuambiwa, akavaa nailoni, akaanza.

"Baba, hapa bado."

"Wapi?"

"Hapa. Kama chumvi."

"Hapo nimeshapita, mama."

"Umepita hujafika. Sogea."

Uani mzima tulijifanya tuna kazi nyingine. Mzee alifagia mahali pamoja asubuhi nzima. Shemeji anasema wapi, bwana anasafisha, Shemeji anarudia, wanabishana, wanaendelea. Kwenye boneti Shemeji alikaa muda mrefu, akipapasa, halafu akasema, kwa sauti ambayo hakuikusudia kwetu: "Kumbe ndivyo ulivyokuwa unayashika haya magari. Mimi ukinishika unasikia nini siku hizi?"

Kiganja akaangalia vidole vyake. "Sisikii vizuri, mama. Muda sasa."

"Na hukusema."

"Niliogopa."

Shemeji aliuchukua ule mkono wa mumewe, akaufuta polishi kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja, akaurudisha kwenye pedi. "Haya. Upande wa kushoto bado."

Jioni sonara akaja, akavua mkanda, akatoa lenzi. Alizunguka gari mara mbili, akainama, akainuka. Akafunga lenzi. "Sijaona kitu," akasema. Kwa sonara, hayo ni maneno ya harusi. Kiganja akasema kazi hiyo ni ya watu wawili, na akamwonyesha wa pili, ambaye alikuwa ameshaanza kupapasa gari la rangi ya maziwa la Mzee na kutikisa kichwa.

Basi, kaka yetu. Mzee anakushukuru kwa kuruka ukuta. Dada wa Nta anakushukuru kwa kutomfokea jioni ile. Magari yote yaliyopita mikononi mwako na bado yanameta barabarani yangekushukuru kama yangekuwa na midomo, na mimi ninayo ya kutosha kuyasemea. Sheria zako zitabaki kama ulivyoziweka, na atakayekuja na mkanda atashika suruali yake.

Tunakuombea siku nyepesi na usingizi mzuri. Zaidi ya yote tunaombea vidole vyako. Na siku hisia zitakaporudi, tafadhali, usije kuzijaribia hapa kwenye boneti. Anza na mkono wa Shemeji. Mkono huo umengoja zamu yake muda mrefu kuliko gari lolote.