Mama Subiri na Madoa Meupe

Kesho, Ijumaa tarehe 30, tabibu wetu wa meno anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba namba nne cha kliniki hii. Wagonjwa humwita Mama Subiri.

Hakuanza na subira. Mwaka wake wa tatu kazini alichimba jino la msichana wa miaka saba lililokuwa na doa jeupe tu, dalili ya mwanzo ya kuoza, bila tundu. Akaliziba. Kizibo kilitoka, akachimba zaidi, kikatoka tena. Msichana alipofika miaka kumi na tano, Mama Subiri mwenyewe ndiye aliyeling'oa. Kila mfanyakazi mpya husimuliwa habari hiyo, bila kuongezwa chumvi.

Tangu hapo hachimbi doa jeupe. Hulikausha, hulipaka floraidi ya kuimarisha jino, hulichora kwenye kadi kwa penseli, kisha mtoto hurudi baada ya miezi mitatu. Doa likipungua, hulifuta kidogo kwenye mchoro huku akitabasamu peke yake. Penseli huichomeka kwenye nywele, halafu hututuma sote tuitafute.

Baba mmoja aliwahi kumjia juu, akamuuliza kama analipwa kwa kutazama tu. Alimjibu kwamba ndiyo, baba, tena ni kazi ngumu, akae aone. Yule baba alikaa. Siku hizi huleta wajukuu.

Hakuna anayekuja kushika nafasi yake. Kuanzia Jumatatu chumba namba nne kitakuwa cha kung'oa tu, siku mbili kwa wiki. Droo ina kadi za watoto hamsini na watatu ambao madoa yao bado hayajawa matundu. Wiki hii aliniagiza niwapigie simu wazazi wote. Wamekuja thelathini na wanane. Kila mmoja ameonyeshwa kwa kioo kidogo doa lilipo na namna ya kulipigia mswaki. Mama mmoja aliuliza, likitoboka amwone nani. Mama Subiri akamwomba asiliache lifike huko.

Asante, Mama Subiri, kwa meno yote ambayo bado yamo vinywani. Tunakuombea afya na siku tulivu nyumbani.

Na wewe mzazi unayesoma karatasi hii ubaoni, kama mtoto wako ni mmoja wa wale kumi na watano ambao hawajaja, mlete kesho. Atakuwepo mpaka saa tisa na nusu.