Ottorino Mensi na Pete Iliyogoma Mdomoni mwa Mtutu

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi katika karakana yetu ya bastola hapa Gardone, Bwana Ottorino Mensi, mkuu wa benchi la mitutu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Wapo walioagwa hapa kwa biskuti na kahawa. Huyu anaagwa kwa nyama ya kubanika iliyowekwa motoni tangu alfajiri, polenta, ule ugali wetu wa mahindi, masufuria mawili, na wake wa mafundi wanaogombania mwiko. Basi mjue tunamuaga mtu wa aina gani.

Mwandishi wa maneno haya ametembea. Amefika kwenye maonyesho ya silaha kule Ujerumani, amekula na Wabelgiji, na amebishana na Wamarekani kwa mikono baada ya maneno kumwishia. Kote huko hajaona jicho kama la Ottorino. Mpe mtutu, auelekeze dirishani, achungulie, na kabla hujapiga chafya ameshakuambia umepinda wapi. Ubaya ni kwamba jicho hilo halina likizo. Harusini kwa binti yake alimnyang'anya mpiga tarumbeta chombo chake, akachungulia ndani, akamrudishia akisema, "Kijana, humu mna uchafu wa tangu babu yako." Bendi ilisimama. Bi harusi alitaka kulia, lakini kicheko kilimuwahi.

Ottorino aliingia hapa akitoka jeshini, na masharubu ambayo mkewe, Bi Onorina, aliyafuta kwa amri wiki ya harusi. Alianzia chumba cha kung'arisha chuma, ambako mtu hutoka jioni mweusi kama mchoma mkaa, akapanda ngazi moja moja hadi benchi la mitutu. Nusu ya mafundi mnaosoma karatasi hii mmefundishwa naye, na nusu nyingine mmetukanwa naye, jambo ambalo kwake ni lile lile.

Katika aliyotuachia, kubwa ni alama ya ukucha. Mitutu yetu mingine ina hesi mdomoni, yaani mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, na juu ya hesi hizo tunafunga pete ndogo ya chuma ili zisiumie. Pete nyingi hufunguka kwa kuzungusha kushoto, kama kifuniko cha chupa. Nyingine ni za kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kulia, kwa kuwa wapo wateja wanaotaka hivyo. Ottorino ndiye aliyeamuru kila pete ya kinyume ichongwe alama ndogo, kama ukucha wa mtoto, ili fundi asijisumbue bure. Akilini tukamwona profesa. Sasa sikilizeni profesa alivyofanya mwezi Machi.

Lakini kwanza mila yetu, kwa faida ya wageni. Fundi akiharibu kitu kipya, kitu hicho hufungwa utepe mwekundu na kutundikwa juu ya benchi lake. Hakitoki hapo mpaka mwingine aharibu chake. Akistaafu kikiwa bado kinaning'inia, anaondoka nacho nyumbani mbele ya watu wote. Kwa miaka saba utepe ulikuwa juu ya Bortolo Peli, fundi wa benchi la mbele, aliyemwoa dada yake Ottorino, kwa sababu ya mtutu mmoja mpya aliouharibu. Juu ya Ottorino haukuwahi kukaa hata siku moja, na kila asubuhi alimsalimia Bortolo hivi: "Shemeji, mauaji yako yanaendeleaje?"

Basi Machi ukaletwa mtutu mpya, umeshapimwa na kupakwa rangi yake ya buluu, wa bingwa mmoja wa kulenga shabaha kutoka Denmaki, Bi Kirstine, aliyekuwa aje kuuchukua kesho yake. Ilibaki pete tu ifunguliwe, hesi zikaguliwe. Pete ikagoma. "Leteni kwangu," akasema Ottorino, "nyie mna mikono ya mapadri."

Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, aliubana mtutu kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao laini. Na kwa kuwa ni mwangalifu kupita kiasi, akaizungushia pete ngozi kabla ya kuitazama sawasawa, spana isije ikaiparuza. Akazungusha kushoto. Wapi! Akatia mafuta, akaenda kunywa kahawa, akarudi. Wapi! Akaazima kwa Bi Iolanda wa ofisini mashine ya kukaushia nywele, akaipuliza pete mpaka ikafuka moshi. Bi Iolanda akamuuliza, "Unataka ifunguke au unataka iende dansini?" Kumbe kila alipovuta, ndivyo alivyozidi kuikaza.

Karakana nzima ikaja na ushauri. Mmoja alitaka igongwe, mwingine alitaka ipelekwe kwa padri. Bortolo alikuja na kiti, akakaa karibu. "Polepole, shemeji," akasema. "Nimengoja miaka saba, sina haraka."

Jasho likamtoka Ottorino. Ilibaki miezi mitatu astaafu. Mwishowe akaweka spana chini. Hapo Bortolo akainuka, akakunja mikono ya shati. Mnaijua mikono ya Bortolo: ile ndiyo iliyomtia utepe. "Tazama mwanamume anavyofungua," akasema, akaikamata spana ndefu kuliko zote.

Ngozi ilikuwa imechanika, Ottorino akaivua ili aweke nyingine. Chini yake, nusu imetafunwa na meno ya spana, ilikuwepo alama ya ukucha. Alama yake mwenyewe.

Hapo ndipo mtu anapopimwa. Angenyamaza tu. Bortolo angevuta kushoto kwa nguvu zake zote, hesi zingesagika, utepe ungebaki pale pale ulipozoea kukaa, na Ottorino angestaafu safi kama hostia ya misa. Sisi wengine hatukuwa tumeona kitu.

"Acha, Bortolo! Acha!" akapiga kelele. "Ni ya kinyume! Mimi ndiye mpumbavu!"

Vikapasuka vicheko ambavyo nadhani vilisikika mpaka kanisani. Wakaipasha pete moto upya na wote wawili wakashika spana moja, wakavuta kulia. Ikalia kaa! ikaachia. Hesi zilikuwa nzima, zinang'aa. Bi Kirstine aliuchukua mtutu wake ukiwa na pete mpya, akatushukuru kwa kazi safi, nasi tukamwangalia bila hatia, kama picha za watakatifu ukutani.

Pete ile ya kwanza, lakini, ilikuwa imetafunwa kama mfupa. Wengi wetu tulisema pete si mtutu, haihesabiki. Bortolo mwenyewe alisema, "Iache, shemeji, umeshaniokoa." Ottorino hakutaka kusikia. Alipanda kwenye kiti, akateremsha mtutu wa Bortolo, akaufungua utepe, akaufunga kwenye pete yake na kuitundika juu ya benchi lake. "Kitu kipya ni kitu kipya," akasema. "Na wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Ukiharibu kingine usinipigie simu."

Bortolo alienda chooni, akakaa huko muda mrefu kwa mtu aliyesema anaenda kunawa.

Ottorino, leo unaondoka na utepe wetu, wala hakuna hapa anayecheka, ila sote. Asante kwa mitutu iliyonyooka na matusi yaliyonyooka zaidi. Tunakuombea usingizi mrefu wa asubuhi, divai isiyokwisha na magoti yasiyolalamika. Bi Onorina, tumekurudishia mumeo: ametumika, lakini hesi zake zote bado nzima.