Harusi ya Goti

Ukishuka gari pale Kibiti, kabla hujafika duka la mbolea, kuna benchi la boriti za mikoko. Boriti zenyewe zilitoka Nyamisati zije kupaua nyumba ya mtu, mwenye nyumba akaishiwa hamu ya kujenga, zikaishia kukaliwa. Wakaaji wake wanapaita Mahakamani, maana kila mtu wa Kibiti hukumu yake husomwa pale, ila mwenyewe huwa hayupo kujitetea. Kahawa anauza mzee mmoja mkavu anayeitwa Zaidi, jina alilopewa na wazazi wake, kwa hiyo ukimwita tu ushaongezewa kikombe. Mchana ule wa Jumatano Mahakama ilikuwa imetimia. Alikuwepo Mrisho, anayeitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alikuwepo Mustapha, anayeitwa Profesa kwa kuwa alilinda geti la chuo kimoja Dar mpaka akastaafu. Alikuwepo Mudrick wa bodaboda, kijana ambaye pikipiki yake imechoka kwa kupumzika. Na alikuwepo Ismaily, anayeitwa Subiri, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa swali lolote, hata ukimwuliza kama ameshakula.

Jibu lake la pili ndilo alilolifuata Nasma.

Dada yake Nasma, Faudhia, anaolewa Jumamosi na Saidy wa Nyamisati, na anataka gauni jeusi. Jeusi hasa, la mahameli, lenye mikono ya lesi na kola ya kupanda shingoni, na huko ndani kwa wanawake kuwe na mishumaa na maua mekundu yaliyokaribia kuwa meusi. Aliuona mtindo huo kwenye simu, wenyewe wanauita gothiki. Faudhia ni mchora piko. Maharusi wa Kibiti wote wamepita mikononi mwake, kawachora maua meusi kuanzia kucha hadi kwenye kiwiko, na miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema yeye mwenyewe siku yake anataka nini. Sasa kasema.

Kitambaa kilikuwa tayari kimelala juu ya meza ya Hajira, fundi cherehani, na mkasi uko juu yake. Hajira kaongea wazi: adhana ya alasiri ikiisha hajaruhusiwa kukata, anaanza magauni ya watu wa Chumbi, na asitafutwe tena mpaka Jumapili. Na mwenye ruhusa ni Ba'mdogo Ismaily, aliyewalea wote wawili tangu baba yao alipofariki, na ndiye walii wa Faudhia. Asubuhi aliulizwa, akasema subiri. Faudhia hakubisha. Alisema tu, “Akikataa nitakodi shela jeupe, wala sitanuna.” Hilo la kutonuna lilimchoma Nasma kuliko tusi.

Nasma yuko likizo. Chuoni ni mtu wa midahalo, mtu ambaye wenzake wakisikia yuko upande wa pili wanaulizana kama kuna haja ya kwenda. Njiani alikuwa amezipanga hoja zake kama vitumbua kwenye sinia. Alipofika nyuma ya kibanda cha Zaidi akasikia jina la dada yake, akasimama. Hakujificha. Alisimama tu mahali ambapo hawakuweza kumwona.

— Mie kaniambia mama watoto, alikuwa akisema Redio, na mama watoto kaambiwa saluni. Ni harusi ya goti.

— Goti gani? aliuliza Profesa.

— Goti. Hili hapa. Redio alijipiga goti lake la kulia, lile bovu, akaguna. Bibi harusi anatoka chumbani mpaka anapokaa kwa magoti. Ndo mtindo wa sasa.

Profesa aliweka kikombe chini taratibu.

— Na ubaya wake uko wapi? Mke kupiga goti mbona ndo adabu yenyewe. Mie ningekuwa walii ningeruhusu jana.

Nyuma ya kibanda Nasma alifumba macho. Hoja yake ya kwanza ilihusu haki ya mtu kuchagua vazi lake. Magoti hayakuwemo.

— Subiri, alisema Ismaily. Mie nimeambiwa gauni jeusi tu. Goti sijaambiwa.

— Utaambiwaje na weye ndo mwenye kukataa? alisema Redio. Hebu tumia akili. Kwa nini jeusi? Mtu atatambaa na shela jeupe, kwa vumbi hili la Kibiti? Litafika linafanana na gunia.

Ismaily alitumia akili. Nasma alimwona kwenye upenyo wa mabati, anageuzageuza kikombe kama mtu anayetafuta kilipoandikwa jibu. Na hilo ndilo lililomkera zaidi: upuuzi ule ulikuwa umeungana vizuri. Angeusikia chuoni, angeupa alama za mpangilio.

— Ila hapo pana jambo, Redio aliendelea, maana akishawashwa hazimiki. Bibi harusi akitambaa, wageni nao watasimama tu? Haiwi. Wote watapigishwa magoti. Sasa mie na goti hili ntainuliwa na nani?

— Na winchi, alisema Zaidi, akamwongeza kahawa.

— Oya wazee, mnazingua, alidakia Mudrick. Siyo goti. Gothi. Gothiki. Mie nimecheki kwenye simu kabisa. Mademu wanapaka midomo nyeusi tii, wanja mpaka mashavuni, mapopo yamechorwa ukutani, mishumaa kibao. Na taa wanazima.

— Wanazima taa harusini? aliuliza Ismaily.

— Wanazima kwa makusudi, mshua. Umeme upo, wanazima.

Wazee walisogeleana kwenye boriti. Popo wanawajua, na mishumaa wanaijua sana. Lakini mtu ana umeme, haujakatika, halafu anainuka kwa miguu yake kwenda kuuzima, hilo Mahakama ilikuwa haijawahi kuletewa.

— Na juisi yao nyekundu kama damu, aliongeza Mudrick, aliyeona kwamba leo anasikilizwa.

— Mumiani, alisema Redio.

— Mumiani si walikuwa enzi za babu zetu? aliuliza Ismaily.

— Enzi hizo walikuwa wanakukamata njiani. Siku hizi wanakuletea kadi ya mwaliko. Unakaa kwenye kiti chenye kitambaa, unaletewa glasi, unasema hii rozela. Rozela gani? Ni jirani yako.

— Acheni porojo, alisema Profesa, na akavuta kanzu kwenye magoti kama mtu anayeanza kipindi. Mambo haya mie nimeyaona getini. Walikuwa wanapita wanafunzi, wamevaa hivyohivyo, nyeusi na minyororo. Nikamsimamisha mmoja, nikamwuliza kijana, hiki nini? Akanambia mzee, Gothi ni kabila. Kabila la Ulaya, la zamani, watu wa kuhamahama. Nyeusi wanavaa kwa kuwa kule baridi, hawafui.

— Ahaa, alisema Ismaily.

— Sasa sikilizeni. Mwanamke akishaingia kabila hilo, mume ndo anahama. Siyo mke. Saidy ataondoka. Anapanda boti ya Mafia pale Nyamisati kama kawaida, mnampungia mkono, na Mafia hafiki.

— Anafika wapi?

— Gothini.

Nasma alijikuta amejiziba mdomo kwa ushungi. Hasira ilikuwepo bado, ila kicheko kilikuwa kimekaa juu yake.

— Hapana, hapana, alisema Redio, ambaye hakupenda kupitwa. Nshaelewa sasa. Huyu Saidy si anauza mkaa?

— Kaa, alisema Zaidi. Anauza kaa. Wa kwenye matope, wenye makucha.

— Mkaa, kaa, vyote si vinatoka kwenye mikoko? Hili ni tangazo. Bibi harusi mweusi, keki nyeusi, giza. Mtu akitoka pale neno la kwanza kinywani mwake ni mkaa. Jumatatu mnamwona Saidy na lori.

— Anauza kaa, alirudia Zaidi.

— Basi kaa watapikwa na nini?

Mudrick alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kandambili. Lakini Ismaily hakucheka. Alikitua kikombe, akajifuta ndevu.

— Nyie mnacheka, alisema. Mie kinachonisumbua si popo wala si mkaa. Ni watu. Watalitazama gauni lile watasema, huyu yatima kaozeshwa na nguo ya msiba. Watasema marehemu angekuwepo, mwanawe angeolewa kama wenzie. Watasema Ismaily kashindwa.

Kisha Profesa akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, na huruma ile ikawa mbaya kuliko utani wote.

— Watasema, ndugu yangu. Nyeusi ni nyeusi.

— Basi naona nimwambie mtoto kwamba…

Nasma alitoka nyuma ya kibanda.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote kwa pamoja, na Redio bila kumeza mate akageukia Chumbi: mpunga wa Chumbi mwaka huu bwana, ukipata maji kidogo tu…

— Umefuata jibu, alisema Ismaily.

— Ndiyo, Ba'mdogo. Hajira kashika mkasi, na alasiri hiyo inakuja.

— Subiri. Kaa hapo. Tulikuwa tunashauriana na wazee hapa. Suala ni watu. Watu watakaoliona lile gauni watasema nini?

Nasma alikuwa nazo hoja zote tayari. Sanda ni nyeupe, na hajatokea mtu akasema bibi harusi wa shela jeupe kavaa sanda. Buibui ni nyeusi, na Jumamosi nyumba nzima itajaa mabuibui. Akavuta pumzi kama anayeshika kipaza sauti, akawatazama wale wanaume wanne wamejipanga kwenye boriti, kofia kichwani, magoti mbele, kama ndiyo wamekwisha kukaa kwenye mkeka wa ndoa. Hoja zikamtoka. Likabaki swali, tena swali la kweli, kwa maana ghafla hata yeye hakujua.

— Kwani nyie mtaliona wapi?

— Kuona nini? aliuliza Profesa.

— Gauni. Ndoa inafungwa msikitini adhuhuri. Mnatoka, mnakula pilau pale nje, mnanawa, mnaondoka. Dada yuko ndani na wanawake, kungwi wake Mwanajuma kakaa mlangoni na ufagio, na simu zote zinaachwa kwenye beseni. Sasa nyie gauni mnaliona saa ngapi?

Lori la kuelekea Lindi lilipita, vumbi likapanda, vumbi likashuka. Mudrick alitazama kandambili zake.

— Mie mama watoto atanisimulia, alisema Redio hatimaye.

— Ndo yaleyale ya goti, alisema Zaidi.

Zaidi akamgeukia Profesa, birika mkononi.

— Weye mkeo siku ile alivaa rangi gani?

— Nyeupe. Au ile ya… Profesa alisita. Nguo sikuiona, nililetewa keshabadili. Nakumbuka piko. Mikono yote, mpaka hapa. Maua na majani yake, kama yameota. Alikuwa ananificha asinionyeshe, nami navuta mkono.

Alitabasamu kwa namna ambayo benchi halikuwa limewahi kuiona, akasahau kabisa kwamba alikuwa anahutubia.

— Piko la rangi gani? aliuliza Nasma, kwa sauti ya chini.

— Si jeusi. Piko lina rangi gani nyingine?

Alipolisikia neno lake mwenyewe, Profesa alinyanyua kikombe akanywa, ingawa kilikuwa kitupu.

Mawazo ya Ismaily yalikuwa bado kule nyuma, kwenye beseni la simu.

— Kwa hiyo hata mie silioni, alisema.

Hilo Nasma hakuwa amelipanga. Alikuwa amekuja kushinda. Mtu huyu aliwafundisha kupika wali kabla yeye hajajua kupika wali. Aliwasuka nywele siku moja ya sikukuu, wakaenda kuswali idi wakiwa kama kuku wa mvua, na Faudhia, mdogo vile, akakataa kufumuliwa, eti Ba'mdogo asije akaumia moyo.

— Hata wewe, Ba'mdogo.

Ismaily alikimalizia kikombe, akamrudishia Zaidi. Upande wa msikitini spika ilikohoa, ile inayokohoa kila siku kabla ya adhana.

— Mwambie Hajira akate.

Nasma alikwishaanza kukimbia aliposikia anaitwa.

— Subiri.

Alisimama, akageuka.

— Mwambie asikimalize kitambaa chote. Abakize kipande, anishonee kofia.

— Kofia nyeusi ya mahameli? alisema Redio. Mkekani, mbele ya sheikh? Subiri, watu watasema nini?

— Watasubiri, alisema Ismaily.

Adhana ikaanza. Zaidi akainamisha birika kuona kama bado kuna kitu, hakukuwa na kitu. Mudrick alikuwa tayari kawasha pikipiki ampeleke Nasma kwa fundi, na kwa mara ya kwanza wiki ile ikawaka mara moja. Nasma alipanda upande, akashika ushungi. Nyuma yao Redio alijaribu kuinuka kwenda kutawadha, akashindwa, akainuliwa na Profesa huku na Subiri huku, akapaza sauti kuishinda injini:

— Binti, kikibaki kingine na mie, kidogo tu. Nifunge goti.