Yeshimebet na Nukta za Miaka Saba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Demissie, mdogo wa marehemu, na tarehe nitakazosoma ni za kalenda yetu, iliyo nyuma ya ile ya wageni kwa miaka saba na ushee, maana nisingelisema hilo yeye mwenyewe asingenisamehe.

Dada yetu Yeshimebet Aklilu alizaliwa Debre Birhan tarehe 12 Hidar 1952, akasoma huko huko hadi 1971, akaajiriwa kwenye maktaba ya chuo hapa Addis Ababa mwaka 1974, akaolewa na Seyoum Wolde tarehe 20 Tirr 1979, wakajaliwa Mahlet na Yonatan.

Mwaka 2003 alijifunza kuchora takwimu kwa kompyuta, akawa anawasaidia watafiti wa fasihi na historia, kila barua ya kale akiifanya nukta moja kwenye mstari wa miaka. Mwezi wa Ginbot 2004 alibandika ukutani mchoro wa barua za mwalimu Getahun Mamo, aliyechukuliwa nyumbani kwake mwezi wa Tahsas 1969 asirudi, na nukta zilifika hadi 1976. Dada yake Getahun, Bi Zenebech, alikuja kuutazama, akauliza, "Mdogo wangu, kumbe alikuwa hai miaka yote hii? Alikuwa wapi?"

Yeshimebet alizirudia barua zenyewe, akakuta Getahun aliwaandikia wageni kwa kalenda yao, na 1976 yao ndiyo 1969 yetu. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bi Zenebech, akakataa kahawa, akasema, "Dada, kosa ni langu, sikuuliza tarehe zilikuwa za kalenda gani." Naye akajibiwa, "Siku nane nilikuwa na kaka. Nenda zako."

Tangu hapo aliwafundisha wakutubi kuuliza kabla ya kuchora, na tarehe isiyojulikana kuiwekea duara tupu. Walipomtania, "Mama, mchoro wako umejaa matundu," alisema, "Yaache, wanangu, ndiyo tusiyoyajua."

Figo zilianza kumsumbua mwezi wa Meskerem 2014, akalazwa, na asubuhi moja Bi Zenebech aliingia wodini na mchuzi wa dengu, akamwomba amchoree upya mchoro wa barua za kaka yake. Alichora akiwa kitandani, na Bi Zenebech akaigusa nukta ya mwisho, akasema, "Basi mpaka mwezi uliotangulia kuchukuliwa kwake bado alikuwa anaandika." Walilia pamoja, na dada yetu akafariki tarehe 3 Miazia 2016.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wakutubi wenzake na chama chetu cha kuzikana, na wewe, Bi Zenebech, usiye na kaburi la kaka yako, mlilie hapa hapa, sisi ni ndugu zako.

Yeshimebet, dada yangu, pumzika sasa, kwa amani.