Mama Pélagie na Meno ya Waliosahau

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutibu meno katika kituo chetu cha afya cha Nyamianda, Mama Pélagie Niyonkuru anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024.

Alianza kazi akiwa na koleo tatu na kiti cha mbao. Wakati wa vita kiti kiliibwa. Akaendelea kung'oa meno ya watu waliokalia ndoo iliyopinduliwa. Watoto wa mtaa walimwogopa, wakamwita Mama Koleo. Leo wanamletea watoto wao.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa jambo lililoanza na kosa lake mwenyewe, naye ameniomba nisilifiche.

Mwaka 2015, Délice, muuza mchele wa Luberizi, alimleta baba yake, mwalimu mstaafu Mathieu Kamanzi. Mzee alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kwa wiki mbili alikuwa akitema chakula na kumpiga binti yake kila alipomkaribia na sahani. Majirani walisema ana pepo. Ndugu walitaka kumfunga kamba.

"Papa hana pepo," Délice alisema. "Iko na uchungu, ila hawezi kuusema."

Mama Pélagie alitaka kuona kinywa siku ileile. Akatuita wanaume wawili, tukamshika mzee mikono na kichwa. Alimng'ata Mama kidole mpaka damu ikatoka, kisha akaanza kulia.

"Nimekosa nini?" mzee aliuliza.

Tukamwachilia. Mama alitoka nje, akakawia. Aliporudi alimwambia Délice: "Munisamehe. Minye ndiye nimekosa. Kesho nitakuja kwenu."

Alienda kwa pikipiki, bila koti jeupe. Akaketi kando ya mzee, akatoa mswaki na kuanza kusugua meno yake mwenyewe.

"Weye ni nani?"

"Ni Pélagie, mwalimu. Tazama kama nasugua vizuri."

Mzee akamkagua. "Hapana. Nyuma hujafika." Alichukua mswaki mwingine uliokuwa mezani, akafungua kinywa ili amwonyeshe. Ndani kulikuwa na mzizi wa gego lililovunjika, na fizi imejaa usaha.

Mama alimpa dawa kwa siku tano, akirudi kila asubuhi na kujitambulisha upya, maana mzee hakumkumbuka. Siku ya sita alienda na Dokta Toussaint, mkuu wetu. Wakamchoma sindano ya ganzi akiwa kwenye kiti chake cha nyumbani, Délice akimshika mkono na kumwimbia wimbo wa kanisani. Mzizi ukatoka. Wiki iliyofuata mzee alikula ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akaomba aongezewe. Aliishi miaka mitatu zaidi, na hakuna aliyetaja kamba tena.

Tangu hapo kila Alhamisi Mama alizungukia wagonjwa wa namna hiyo majumbani, toka Kavimvira hadi Luberizi. Alifundisha familia kutumia mswaki mdogo laini, kuandika jina kwenye meno ya bandia yasipotee, na kuchungulia kinywa cha mzee anayekataa chakula kabla ya kumgombeza. Nyumba nyingine alifukuzwa. Mzee mmoja wa Kavimvira alimposa kila Alhamisi, na kila Alhamisi alijibiwa kwamba kwanza asafishe meno.

Sasa anahamia Luberizi, lakini si kupumzika. Dada yake mkubwa, Noella, anayeishi huko, ameanza kupotea njia akirudi kutoka shambani. Katika miaka kumi na minne ya kufanya naye kazi sikuwahi kumsikia akitaja hofu, mpaka siku aliponipa habari hiyo.

"Kwa wengine nilikuwa nakaa saa moja, narudi nyumbani," alisema. "Huyu nitabaki naye. Naogopa, Michée."

Mama Pélagie, asante kwa meno uliyong'oa na kwa mengi zaidi uliyookoa. Asante kwa kutuonyesha namna ya kuomba msamaha mbele ya wagonjwa wetu. Ziara za Alhamisi zitaendelea, na nyumba ya Noella tumeiandika ya kwanza. Usitupikie, tutakaa naye sisi, weye ulale kidogo. Tunawatakia nyote wawili siku za amani.

Michée Ngabo, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wote