Waliniuliza, Nikajibu

Bwana asifiwe, kanisa! Bwana asifiwe tena, kwa sababu hiyo ya kwanza wengine mmeitikia mkiangalia chini, na nimewaona.

Wengi mnanijua. Mimi ni Chelangat, binti wa hapa hapa Sotik, na yule ameketi karibu na dirisha ni kogo wangu, mama yake marehemu mama yangu. Nimesimama kumshukuru Mungu, lakini siwadanganyi, ndugu zangu, nimesimama nikiwa na hasira. Mchungaji wetu mpya ameniambia niseme yote, basi nitasema yote.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane, mtoto wa kuchuma majani chai kila Jumamosi. Kulikuwa na mwanamume mwenye lori la maziwa, aliyefiwa na mke, umri wa baba yangu. Huyo ndiye aliyetununulia mabati haya. Tazameni juu! Mlimpigia makofi humu ndani, mkamwita baraka. Alipomwambia baba anatafuta mke, baba akanitaja mimi. Nililia, akaniambia shule haina mwisho. Nikamkimbilia mama mmoja wa kanisa hili, naye akanishauri niombe moyo wa utii. Utii! Mtoto anazama, unamwambia anywe maji polepole.

Ikafika siku ya koito, wageni wanapokuja kuomba msichana na wazee kupatana. Nyama ilichemka tangu asubuhi. Mzee wa kanisa akafungua kwa maombi, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, tena kwa urefu, nami niko jikoni natetemeka. Nikasema moyoni, Mungu, hawa wote wanaongea nawe, na mimi je, nani ananiombea?

Mwishoni msichana hutoka na kibuyu cha maziwa ya mursik, anasimama mbele ya wageni, anaulizwa. Akikubali, maziwa yanamiminwa, watu wanakunywa, mambo yamekwisha. Shangazi yangu alinifundisha niinamishe macho, niseme ndiyo kwa sauti ndogo. Jibu lingine hakunifundisha. Ndugu zangu, watu hawa walikuwa wamezoea kuuliza hata wakasahau kwamba anayeulizwa anaweza kukataa.

Mzee akaniuliza, "Chelangat, wageni hawa unawajua? Tunywe maziwa haya?"

Hapo ndipo Bwana alipofika! Sikuona mwanga, sikusikia sauti yoyote. Niliona tu miguu yangu imeacha kutetemeka. Nikainua macho, nikamwangalia yule mwanamume, nikasema, "Simjui. Msinywe."

Shangazi akacheka kidogo, akasema mtoto ana haya, aulizwe tena. Nikaulizwa tena, nikasema tena msinywe. Baba akaja na mkono juu. Lakini kogo, aliyekuwa ametengeneza mursik hiyo mwenyewe, alikuwa amefika mbele yake. Akachukua kibuyu mikononi mwangu, akakifunga.

"Mtoto ameulizwa, mtoto amejibu," akasema. "Na maziwa ni yangu."

Kwetu hakuna mwanamume wa kumnyang'anya mama mzee kibuyu chake. Wageni walirudi na kiu yao. Kesho yake kogo alinipeleka kwa chifu, baba akaonywa, nami nikahamia kwa kogo na kurudi shule. Leo niko kidato cha nne. Baba anaabudu kanisa lingine, na tukikutana sokoni anapita kama hanijui. Hiyo inaniuma, sitasema haiumi.

Namshukuru Mungu, namshukuru kogo. Nyinyi mliokuwa pale siwashukuru. Wageni waliondoka bila kunywa, lakini nyama mlibaki mkaila, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza kama nimelala salama. Nimewasamehe, kwa kuwa nimeamriwa kusamehe. Ila msilete tena mabati kwa njia hiyo. Afadhali tunyeshewe!

Na ninyi wasichana mnaokaa viti vya nyuma, inueni macho. Mtumaini Mungu, ukijua ni wako pia, si wa wazee peke yao. Mimi hakunipa mbio za kutoroka, alinipa mdomo. Wakikuuliza, jibu. Na wasipokuuliza, jibu vivyo hivyo.