Mabua Hayatoshi

Sogeeni, wanangu, mnisikilize, na wewe mkubwa ondoka hapo mlangoni, maana dada yako si mfungwa wako hata umzuie asitoke. Nawasikia majirani uani wakivuma kama nyuki waliochokozwa, na gari la watu wa kiwanda linaunguruma barabarani, na wote wanangoja neno moja kutoka kwa huyu binti: mabua ya bonde letu yanatosha kutengenezwa mafuta ya magari, au hayatoshi? Wao wangoje. Mimi ndiye nisiyeweza kungoja.

Mkubwa, nilikusikia jana ukisema, "Baba, mwambie aongeze kidogo tu, nani atayahesabu mabua ya bonde zima?" Sikukukemea, kwa sababu hata mimi nilitamani. Mnajua ni nini kilichomwondoa mama yenu duniani. Kila baada ya mavuno bonde lilichomwa moto, moshi ukatufuata mpaka ndani ya chandarua, naye akakohoa miaka nenda miaka rudi hadi kifua kikafunga. Waliposema kinakuja kiwanda cha kununua mabua badala ya kuyachoma, nililia. Hakuna anayekitaka kiwanda hicho kuliko mimi.

Lakini mdogo wako kazi hii ameisomea, na watu wa kiwanda wenyewe ndio waliomwajiri. Amezunguka na mizani yake juani akipima mabua na magunzi, akatoa ya kulisha ng'ombe, akatoa na yale ambayo yasipobaki shambani mvua itaondoka na udongo, akakuta kilichosalia hakifiki hata nusu ya mahitaji yao. Sasa tuseme aongeze. Mtambo ukishawashwa hauna huruma, unataka kula tu: mtauza ya ziada, kisha mtauza ya ng'ombe, kisha mtakwangua shamba mpaka mfupa wake uonekane. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na siku hiyo watu watamtafuta nani? Si wewe uliyewaahidi majirani kazi kiwandani. Ni yeye aliyetia sahihi.

Nipeni maji... basi, basi.

Shamba la mtoni ni lenu wawili, msilikate. Ng'ombe ni wako, mkubwa, na nyumba hii ni ya dada yako, asije mtu akamwambia mwanamke hana kwao. Hayo mabua yanayosalia, anasema yanatosha mtambo mdogo wa gesi ya kupikia kwa nyumba za hapa. Jengeni huo. Na baba yenu mdogo yuko uani, nimemtambua kwa kikohozi. Ni moto wake uliovuka mpaka wa shamba letu msimu ule mama yenu alipoanguka, nami sijaitikia salamu yake tangu tulipomzika. Nimechoka na chuki hiyo, siendi nayo. Anishike miguu mkiniteremsha kaburini, na bomba la kwanza la gesi liende jikoni kwake.

Unalia, mkubwa? Lia, si aibu. Lakini ahadi uliitoa wewe, basi wewe ndiye utakayetoka kuwaambia. Usimsukumie dada yako umati wenye hasira. Mtangulie, waambie hayatoshi, kisha uyapokee matusi yao, hayatoboi ngozi. Nenda, mwanangu. Nenda nikiwa bado nasikia.

Na wewe binti, njoo karibu, nishike mkono... huu mwingine, huo haushiki tena. Mungu awape riziki isiyowagombanisha. Awafunike. Mkikosana asubuhi, jua lisizame kabla... kabla hamjaitana.

Mbona kelele hizo? Wanamzomea? Mwache, usitoke, ana mabega huyo. Anasema nini? Masikio yananiacha, nisemee wewe... Kasema, "Dada yangu kapima, na mimi nasimama naye"? Kasema hivyo, mbele ya watu?

Fungua dirisha, mama. Nimsikie... mwenyewe.